CD ya Magari Shambani Kasekese

Nianze kwa kusema wazi: sijutii hata siku moja niliyoipoteza kwa ajili ya zile CD. Watu wa mtaa wetu hapa Ilembo walisema nimechanganyikiwa. Mama mzima, mwenye steshenari yake, mwenye wateja wa kutoa kopi za vyeti na kuchapa barua za kuomba kazi, anashinda ameinamia kompyuta akinakili gemu za magari na mpira. Wengine walikuja kutoa kopi moja tu ili wapate cha kwenda kusimulia. Niliwatolea kopi zao, nikawapa na chenji, nikaendelea na kazi yangu.

Gemu zenyewe zilikuwa za mdogo wangu. Kabla simu janja hazijaingia kila mfukoni alikuwa na banda la gemu hapahapa Ilembo: televisheni mbili za chogo, mashine mbili za kuchezea CD, benchi la mbao, na pazia la khanga mlangoni ili mwanga usipige kwenye kioo. Vijana wa mtaa walikuwa hawabanduki pale. Wazazi walimchukia, na marehemu baba yetu alisema hajasomesha mtoto aje kuuza mchezo. Mdogo wangu hakugombana na yeyote. Yeye alikuwa anaongea tu. Mtu akicheza mpira, anatangaza; mtu akipigana, anatangaza; mtu akiamka kwenda chooni, anatangaza. Alikuwa na sauti ya kupasua, ilifika mpaka kwa jirani mwenye mashine ya kusaga, na mashine ikiwa inanguruma.

Leo hana sauti. Miaka mitano iliyopita aliugua koo, na madaktari wa hospitali kubwa, mbali na huku kwetu, walitoa sehemu yote inayotengeneza sauti ili wamwokoe. Walimwokoa. Anapumulia kwenye tundu dogo shingoni, analifunika kwa kitambaa cheupe ambacho mke wake anakifua kila siku. Anasikia vizuri, anakula vizuri, anamwagilia bustani yake ya mboga, anacheka bila mlio. Akitaka kusema jambo anaandika kwenye daftari dogo la mfukoni. Akitaka kukuita anagonga chochote kilicho karibu.

Binti yake ana miaka minne. Maana yake ni kwamba mtoto hajawahi kumsikia baba yake akitamka neno, hata jina lake.

Najua swali linalofuata, maana kila mtu ameniuliza. Hamkuwa na voisi zake kwenye simu? Mwaka mzima kabla ya upasuaji alikuwa tayari anakwaruza, akaona aibu, akaacha kabisa kutuma voisi. Za zamani zilienda na simu zake. Moja ilidumbukia kisimani, nyingine iliibiwa stendi kwenye safari hiyohiyo ya hospitali. Za kwangu nilizifuta kwa mkono wangu kila simu ilipojaa. Nani anaweka akiba ya sauti ya mtu anayepiga kelele kila siku? Mimi sikuweka.

Lakini ilikuwepo CD moja. Kabla ya kufungua banda, mdogo wangu alifanya kazi kwenye duka la kompyuta mjini Mpanda, enzi za kuchoma CD za nyimbo. Akiwa pale aligundua kitu kuhusu gemu moja ya mashindano ya magari. Muziki uliosikika wakati wa mbio ulikuwa umepangwa kwenye CD ileile kama nyimbo za kawaida, kiasi kwamba ukiiweka kwenye redio ya CD unaweza kuusikiliza. Gemu ilikuwa na njia sita za mashindano, na kila njia wimbo wake. Basi akaziondoa nyimbo zote sita, akakaa mbele ya maikrofoni ya duka, akatangaza mbio kwa mdomo wake, dakika tatu kwa kila njia. Halafu akachoma CD mpya. Nakala moja tu, maana bosi wake alimkuta na kumfukuza.

Tangu hapo, ukianza mbio kwenye lile banda ulikuwa unamsikia yeye. Kwenye kioo magari yanakata kona kwenye jiji la maghorofa na taa. Yeye anakwambia yametoka stesheni ya Mpanda, yanaingia Ilembo, mama lishe ondoeni masufuria. Njia ya tatu ilikuwa pori la Ugalla, na dereva wa gari jekundu kaingiliwa na nyuki dirishani. Njia ya sita ilikuwa mteremko wa kwenda Karema, mpaka ziwani. Vijana walizikariri zote. Mimi nilikuwa naona ni upuuzi, na nilimwambia hivyo mara nyingi.

Sasa nirudi kwenye steshenari. Kilichonianzisha kilikuwa hasira. Tangu atoke hospitali, watu wakija kumtazama walikuwa wanamuuliza mke wake. "Anaendeleaje? Anakula?" Na yeye amekaa palepale, goti kwa goti nao. Mtu ana masikio mawili mazima, ana akili zake zote, unamzungumzia kama kabati. Siku moja mzee mmoja wa jumuiya alipomaliza kuuliza hivyo na kuondoka, mdogo wangu akachukua daftari akaandika: Nataka kucheza gemu.

Mashine zake zilishakufa. Jicho la kusoma CD lilikuwa limechoka kwenye zote mbili, na vipuri havipatikani tena. Lakini fundi simu mmoja, mteja wangu, aliniambia kwamba gemu za CD zinaweza kunakiliwa kwenye kompyuta zikawa faili, faili zikabanwa zisichukue nafasi, na kuna programu inayojifanya ndiyo ile mashine ya zamani. Alinichorea hatua nyuma ya karatasi ya kopi iliyoharibika, akaenda zake. Nikaibandika ukutani kwa gundi.

Nikajifunza. Unaweka CD, unaisoma, unapata faili kubwa, halafu unaibana. Kubana ni kama kushindilia unga kwenye kiroba. Unga ni uleule, nafasi ndiyo inayopungua. CD zilikuwa thelathini na saba, nyingi zimekwaruzwa kwa kuvutwa kwenye benchi na kushikwa na vidole vyenye mafuta ya maandazi. Zile zilizogoma nilizipaka nta. Huku kwetu nta ya nyuki haina shida, warina asali wa Ugalla wanaileta sokoni. Nilichukua kipande kidogo, nikakilainisha kwa joto la vidole, nikapaka nyembamba sana kutoka kwenye tundu la katikati kwenda ukingoni, halafu nikasugua kwa kitenge kilichochakaa mpaka ing'ae. Fundi simu alicheka mpaka akakaa chini. CD zilizokuwa zimegoma nyingi zikakubali kusoma, na yeye akaacha kucheka akaniomba kipande cha nta.

Ile ya magari ilisoma bila hata kuhitaji nta. Kompyuta ilinionyesha sehemu moja ya gemu, nikainakili, nikaibana, nikaifungua kujaribu. Magari yakatokea, yakaondoka. Kompyuta yangu haina spika. Nani anahitaji spika kuchapa barua ya kuomba kazi? Nikaweka alama ya vyema kwenye orodha na kuendelea na nyingine. Siku zote nilidhani ile sauti imo ndani ya gemu, kama chumvi kwenye mboga. Alinieleza mwenyewe miaka ile kwamba nyimbo zimepangwa pembeni, nikamsikiliza kwa sikio moja, kwa sababu nilikuwa naona ni upuuzi.

Siku chache baadaye akaja baba mdogo kutoka Kasekese. Yeye ni mkulima wa mpunga, na kule mpunga ukianza kuweka punje watu hutundika CD mbovu shambani, zinazunguka kwa upepo na kumeremeta juani, ndege wanaogopa. Kila msimu anazunguka kwa ndugu akikusanya. Alipouliza kama tunazo, hakunilazimisha mtu. Nilisema mwenyewe, kwa majivuno kabisa, "Chukua zote, baba mdogo, tumeshazihamishia kwenye kompyuta." Mdogo wangu akatikisa kichwa kukubali, kwa kuwa aliniamini. Nilibeba kiroba mwenyewe mpaka kwenye pikipiki, nikakifunga kwa mpira ili kisidondoke njiani.

Siku ya kumkabidhi laptopu ilikuwa Jumapili baada ya ibada. Wifi yangu alikuwa jikoni, mtoto yuko mapajani kwa baba yake. Nilikuwa na laptopu ya zamani iliyokuwa imelala kabatini, nikaiwekea gemu zote na pedi mbili za kuchezea. Aliipitia orodha kwa kidole, taratibu, anatabasamu, mpaka akafika kwenye ile ya magari. Akapandisha sauti mpaka mwisho. Akamgeuza mtoto akae vizuri, atazame kioo.

Magari yakanguruma, yakaondoka. Hakuna aliyetangaza.

Akasimamisha. Akaanza upya. Akaenda njia ya pili, ya tatu. Injini tu. Akachukua daftari: Sauti iko wapi?

Nikasema labda kuna mahali pa kuwasha. Nikabonyeza huku na huku kama mtu anayetafuta ufunguo gizani, na hapo ndipo nilipoelewa alikuwa anafanya nini. Hakutaka kucheza. Miezi yote ile alikuwa ananingoja nimalize ili mtoto wake amsikie. Nilimpigia fundi simu, nikaweka spika ya nje ili tusikie wote.

"Dada, umenakili sehemu ya kwanza tu," alisema. "Gemu za namna hiyo, nyimbo zinakaa nyuma yake, halafu kuna kifaili kidogo cha orodha kinachoonyesha kila wimbo uko wapi. Usipovichukua hivyo, gemu inacheza bubu."

Nilitamani ardhi ipasuke. Mdogo wangu alikuwa anaangalia sakafu.

"Lakini si CD yenyewe ipo?" fundi akauliza.

"Ipo shambani. Imetundikwa."

"Juani?"

"Juani."

"Hizi za kuchoma hazipendi jua, dada. Ule upande wa kusomea unapauka, basi tena. Ina siku ngapi?"

Ilikuwa na siku kumi na tisa. Mdogo wangu akaifunga laptopu polepole kabisa, kwa adabu. Ningefurahi zaidi kama angeipiga chini.

Jioni ile nilipewa ushauri wa kunitosha. Jirani alisema ndivyo Mungu alivyopanga. Wifi yangu, ambaye nampenda, alinivuta pembeni akaniambia nisimtie mume wake tumaini la bure, mtoto atakua tu, wapo watoto wasio na baba kabisa. Nilimjibu vibaya. Nilimwambia huyu anaye baba, na baba yake alishasema maneno ya dakika kumi na nane, na mimi ndiye niliyeyapeleka yakafukuze ndege, kwa hiyo mimi ndiye nitakayeyarudisha, na asiyetaka anipishe njia. Nilimwomba radhi baadaye kwa ule ukali wangu. Kwa maneno yenyewe sijamwomba.

Asubuhi nilikodi pikipiki nikiwa peke yangu. Nilipotoka getini nikamkuta mdogo wangu amesimama na yake, amejifunga kitambaa kibichi shingoni ili vumbi lisimwingie kwenye tundu. Mke wake alikuwa anamzuia, anamwambia vumbi la njia ya Kasekese litamuua. Aliandika kwa herufi kubwa ukurasa mzima: NAENDA. Akauchana akampa abaki nao.

Shamba la baba mdogo lina kama ekari mbili. Ukilitazama kwa mbali lilikuwa linawaka. Alikuwa amesimamisha miti, akavuta nyuzi za nailoni zilizofumuliwa kwenye nyavu chakavu za wavuvi wa ziwani, na kila hatua mbili kuna CD inazunguka. Nilizitegemea thelathini na saba. Zilikuwa karibu mia mbili. Alikuwa amekusanya kwa ukoo mzima: kwaya, mahubiri, harusi, filamu zilizotafsiriwa. Maandishi ya kalamu yalikuwa yamefutwa na mvua na jua. Zote zilikuwa nyeupe na hazina jina.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Mbona mnakuja kama mmefukuzwa?"

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, anatafuna bua la mpunga. "Subirini nivune," akasema. "Wiki mbili tu, mnachukua zote."

"Wiki mbili jua litakuwa limeshaimaliza."

"Na nikizishusha leo kweleakwelea watanimaliza mimi. Nyie mtakula CD?" Akaangalia mpunga wake, halafu akatuangalia sisi. "Zikishuka, lazima awepo mtu wa kuamia. Mtu wa kupiga kelele toka asubuhi. Huyu," akamwonyesha mdogo wangu kwa kidevu, "huyu atapiga kelele gani?"

Hakusema kwa ubaya, nalijua hilo. Alikuwa mkulima anayeangalia chakula cha mwaka mzima. Lakini hasira zilinipanda mpaka masikio yakaziba, na maneno niliyoyaandaa yalikuwa ya kuvunja undugu. Sikupata nafasi ya kuyatoa. Mdogo wangu alikuwa ameshatupita. Alienda kwenye dungu, kile kichanja cha kuamia kilicho katikati ya shamba, akapekua chini yake akapata debe tupu na kipande cha mti, akapanda juu, akaanza kupiga.

Ndege waliinuka kama vumbi la mashine. Aliendelea kupiga, na hakuwa anawaangalia ndege. Alikuwa anamwangalia baba mdogo.

Baba mdogo alitema lile bua. "Haya. Shusheni," akasema. "Ila mstari mmoja mmoja. Msinivulie shamba lote nguo."

Tukafanya hivyo. Mimi na mama mdogo, mke wake, tulishusha mstari, tukapeleka CD uani kwao, tukazijaribu kwenye redio yao ya CD inayotumia umeme wa sola, tukazirudisha, tukashusha mstari mwingine. Gemu za kawaida redio ilizikataa. Nyingine zilitoa mahubiri ya mhubiri aliyekuwa anakoroma koroma kwa uchakavu. Harusi tatu. Kwaya ile mama mdogo aliyokuwa anaimba akiwa msichana, akaniomba tuisikilize hadi mwisho, nikakataa, akanuna. Huku nyuma debe halikunyamaza. Mchana jua likiwa kali ndege hupumzika vichakani, yeye hakupumzika. Nilimpelekea maji, akanywa kwa mkono mmoja.

Tulilala kwao, tukaanza tena asubuhi. Ilikuwa kwenye mstari wa sita kutoka mwisho. Niliweka CD iliyopauka ukingoni, redio ikazunguka, ikafikiri, ikaonyesha namba saba. Gemu moja na nyimbo sita. Nikabonyeza ya pili. Kukawa na mchakacho mfupi, halafu akaongea.

"Haya haya haya, wapenzi wa mbio, tupo stesheni, madereva wamekunywa chai, wamelipa—"

Mama mdogo alikaa chini palepale kwenye mchanga. "Ni yeye," akasema. "Ni yeye huyu."

Nikazima.

"Acha iendelee, mwanangu."

"Hapana, mama mdogo."

Baba mdogo akaja, mke wake akamwambia, naye akataka kusikia. Nikakataa. Akanikumbusha, kwa upole kwanza na baadaye bila upole, kwamba uwanja ni wake, redio ni yake, na shamba lililopata hasara ni lake. Nikamwambia yote ni kweli, na wa kwanza kusikia ni binti wa mdogo wangu, piga ua. Tulitazamana. Mimi sijawahi kumkatalia baba mdogo kitu, nimelelewa nipige magoti nikimsalimia. Nilishika CD kifuani kwa mikono miwili kama mwizi. Mwishowe aligeuka, akatembea mpaka kwenye dungu, akampokonya mdogo wangu kile kijiti. Viganja vya mdogo wangu vilikuwa vimetoka malengelenge na mengine yamepasuka.

"Shuka," baba mdogo akamwambia. "Nitapiga mwenyewe."

Tuliporudi Ilembo nilibandika karatasi mlangoni: Leo hakuna kopi. Wateja waligonga, sikufungua. Nilipaka nta, nikasugua, nikaiamuru kompyuta isome polepole kadiri inavyoweza, safari hii kila kitu, gemu na nyimbo zake na kile kifaili cha orodha. Fundi simu alikuja na kuweka spika zake mezani, akasimama nyuma yangu. Njia ya kwanza ilitoka safi. Ya pili, ya tatu, safi. Ya nne ilikuwa inatoa mlio kama wa bisi kwenye kikaango. Ya tano ilirukaruka, maneno mengine yamekatika katikati. Ya sita ilikuwa ukingoni kabisa, pale nailoni ilipokuwa inasugua na jua lilipobandua ule utando wa fedha. Kompyuta ilijaribu tangu saa tano hadi saa kumi alasiri. Tulibadilisha kifaa cha kusomea, tukapaka nta upya. Haikutoka hata herufi.

Nililia. Sikulia kwa heshima, nililia kwa sauti, nikijitukana, mpaka watu wa saluni ya pembeni wakaja kuchungulia. Njia moja kati ya sita niliiua mimi, na hakuna wa kumsingizia.

Fundi alikuwa na dawa. Alisema siku hizi zipo programu zinazojifunza sauti ya mtu. Ukizipa hizi njia tano zitaitangaza ya sita, utaandika maneno yoyote unayotaka, na hakuna atakayejua. Nikaona ni jambo la kumuuliza mwenyewe. Nikamtumia ujumbe kwenye simu. Akajibu: Niliyosema nilisema. Mengine asinisemee mtu.

Kwa hiyo niliibana vile ilivyo. Njia ya sita nikaiacha na dakika zake tatu za kimya.

Tulikaa sebuleni kwake kesho yake alasiri, milango wazi. Mtoto mapajani, wifi yangu amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Akachagua njia ya kwanza. Haya haya haya, wapenzi wa mbio. Ilijaa chumba kizima ile sauti, ikamfuata kuku nje. Mtoto alichungulia nyuma ya laptopu.

"Nani huyo?"

Nikasema mimi, "Ni baba."

"Baba haongei, shangazi," akaniambia, kwa subira, kama anayemwelekeza mgeni.

Mdogo wangu akamgusa shavu ili amtazame. Akaanza kusogeza midomo pamoja na ile sauti, neno kwa neno, bila kukosea, miaka yote ile bado anayo kichwani. Mtoto alimwangalia mdomoni, akaangalia laptopu, akaangalia mdomoni. Akaweka kiganja kwenye midomo ya baba yake na kingine kwenye spika. Alikaa hivyo njia nzima. Ilipokwisha akasema, "Tena." Tukairudia ile, tukaenda ya pili, ya tatu na nyuki zake, ya nne inayotoa mlio wa bisi, ya tano iliyokatikakatika.

Ikafika ya sita. Injini tu. Nilinyoosha mkono nizime ili kisimkute kile kimya, mdogo wangu akauzuia kwa kiwiko. Aliendelea kuendesha, macho kwenye kioo, na midomo yake iliendelea kutangaza.

Kuna jambo moja nilikuwa silitilii maanani kuhusu huyu mtoto. Sisi wengine tunasubiri daftari. Yeye hajui kusoma daftari. Tangu azaliwe anamsoma baba yake usoni, na mambo anayomwelewa hata mama yake hayapati. Alijigeuza akakaa kumwelekea, mgongo kwenye laptopu, akawa anayatoa kwa sauti yale anayoyaona.

"Mteremko," akasema. "Mteremko huo, shikeni breki. Wa nyekundu anateleza." Akakunja uso, akasogea karibu zaidi. Halafu akacheka. "Ng'ombe. Kuna ng'ombe barabarani, wamelala, hawataki kutoka."

Nilimtazama mdogo wangu. Alikuwa anatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, machozi yanamtoka na gari lake halijagonga popote. Ng'ombe. Ni kweli, walikuwepo kwenye njia ya sita, katikati ya mteremko, na vijana wote wa banda walikuwa wakifika pale wanapiga mluzi wa kuwaswaga. Mimi nilisikia hiyo njia mamia ya mara kupitia ukuta wa banda, na wale ng'ombe nilikuwa nimewasahau kabisa.